Chonge Nyuma ya Gego: Kisa cha Meno Mawili Yaliyobadilishana Nafasi

Kisa hiki kimeandikwa kwa idhini ya familia. Jina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto vimeondolewa. Mfuatano wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa, pamoja na miezi tuliyoipoteza kwa kosa letu, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa daktari mwenzangu na kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii.

Usuli

Binti wa miaka 12 aliletwa na mama yake kwa sababu ya jino la utotoni lililokataa kutoka. Upande wa kulia meno yote ya juu yalikuwa yamekwisha kubadilika. Upande wa kushoto chonge ya utotoni ilikuwa bado imeng'ang'ania, imara kabisa ukiigusa. Mama alitaka ing'olewe tu, waende zao.

Nilipomwinua mdomo nikaona kilichokuwa kikiendelea. Chonge ya ukubwani ilikuwa ikichungulia juu ya ufizi, lakini si mahali pa ile ya utotoni. Ilikuwa kati ya gego dogo la kwanza na gego dogo la pili.

Ukihesabu kutoka katikati ya taya la juu, la 1 na la 2 ni meno ya mbele, la 3 ni chonge, la 4 na la 5 ni magego madogo, kisha yanafuata magego makubwa. Kwa binti huyu mpangilio wa kushoto ulisomeka 1, 2, 4, 3, 5, na chonge ya utotoni ikiwa imebaki katikati ya la 2 na la 4 kama mgeni aliyesahau kuaga. La 2 nalo lilikuwa dogo na jembamba kuliko mwenzake wa kulia, limechongoka kama kigingi. Hakuwa na msongamano wa meno, na alipouma magego yalikutana vizuri. Uso wake ukiutazama kwa ubavu, midomo ilikuwa imetulia, haikusukumwa mbele wala kurudi ndani.

Hali hii ni nadra. Huonekana kwa takriban watu 3 kati ya 1,000, zaidi kwenye taya la juu kuliko la chini, na mara nyingi upande mmoja tu. Mwaka 1995 Sheldon Peck na Leena Peck waliipanga hali hii ya taya la juu katika aina tano, na ya chonge kubadilishana na gego dogo la kwanza ndiyo inayoongoza kwa mbali. Huambatana mara kwa mara na mambo mengine ya kuzaliwa nayo: la 2 kuwa dogo kama kigingi, jino fulani kutokuwepo kabisa, meno ya utotoni kuchelewa kung'oka. Binti alikuwa na mawili kati ya hayo. Hiyo inaelekeza kwenye urithi, na tutarudi huko.

Uamuzi wa kwanza, na sababu zake

Swali la msingi katika meno yaliyobadilishana ni moja: yamebadilishana yote, au vichwa tu? Kuna hali ambapo vichwa vya meno vimepishana ilhali ncha za mizizi, kule juu ndani ya mfupa, bado ziko kwenye mfuatano wake wa asili. Hapo jino limeinama tu, na kulisimamisha ni kulirudisha kwao. Na kuna hali ambapo jino lote, kichwa na mzizi, limehamia upande wa pili wa jirani yake. Hapo kulirudisha maana yake ni kuupitisha mzizi mzima kando ya mzizi mwingine, ndani ya mfupa ambao unene wake unapimwa kwa milimita chache.

Tulipiga eksirei ya taya zima, ile inayozunguka kichwa na kutoa picha moja bapa. Ncha ya mzizi wa chonge ilionekana iko mbele ya ncha ya gego dogo, au angalau sambamba nayo. Tukasoma kwamba ni vichwa tu vilivyopishana. Mzizi wa chonge ulikuwa haujafunga ncha yake kabisa, nalo tulilihesabu kuwa la heri, maana jino changa hustahimili kusogezwa.

Hatukupiga picha ya pande tatu. Sababu tuliyoandika kwenye faili ni kumwepushia mtoto mionzi ya ziada. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa nzima. Tulikuwa tumeshapenda jibu tulilolipata kwenye picha ya kwanza.

Mama naye alisema wazi: "Daktari, mimi nataka kila jino likae mahali pake." Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu nami ndivyo nilivyotaka. Ukitazama nyuma, pale palihitajika mtu mmoja chumbani asiyetaka hivyo.

Mpango ukawa huu: kung'oa chonge ya utotoni, kulisogeza gego dogo la kwanza ndani kuelekea kaakaa ili lipishe njia, kuivuta chonge mbele kwa upande wa nje, kando ya shavu, kisha kulirudisha gego dogo nje, nyuma ya chonge. Magego makubwa ya pande zote mbili yaliunganishwa kwa upau uliopita kwenye kaakaa yawe nanga. Njia hii inajulikana na inafanya kazi, ikitumika kwa mtoto anayefaa.

Miezi mitano ya kwanza

Mwezi wa kwanza na wa pili mambo yalikwenda. Gego dogo liliingia ndani, chonge ikashuka kidogo na kuanza kuja mbele. Mwezi wa tatu chonge ilikuwa imesogea kama milimita 3. Mwezi wa nne haikusogea. Nikaongeza nguvu kidogo, jambo ambalo leo nisingelifanya kabla ya kujiuliza imezuiwa na nini.

Mwezi wa tano binti alikuja akilalamika kwamba gego dogo linamuuma akitafuna. Ufizi juu ya chonge ulikuwa mwekundu na umepanda kwa karibu milimita 2, kiasi kwamba shingo ya jino ilianza kuonekana. Nilipopitisha kidole juu ya ufizi niliuhisi mzizi wa chonge kama ubavu wa mtu aliyekonda. Eksirei ndogo ya eneo lile ilionyesha ncha moja ya gego dogo imekuwa butu. Ilikuwa imeanza kulika.

Siku hiyohiyo tuliilegeza waya na kuomba picha ya pande tatu.

Picha haikuacha shaka. Ncha ya mzizi wa chonge ilikuwa nyuma ya ncha za gego dogo, tena kwa nafasi ya wazi. Meno yalikuwa yamebadilishana yote, kuanzia kichwa hadi ncha. Kwenye eksirei bapa chonge ilikuwa imekaa nje zaidi ya meno mengine, karibu na shavu, na picha ya namna hiyo hupotosha mahali pa kitu kisichokuwa kwenye mstari wa taya. Gego dogo lilikuwa na mizizi miwili, kama yalivyo mengi ya aina yake kwenye taya la juu, na ule wa ndani ulikuwa umesukumwa hadi ukaribie ukuta wa mfupa upande wa kaakaa. Mfupa uliofunika mzizi wa chonge kwa nje ulikuwa umebaki utando, na mahali pengine haukuonekana. Tulikuwa tukiulazimisha mzizi mrefu kuliko yote mdomoni kupita kwenye ujia usioutosha.

Kugeuza njia

Tulikaa watatu: mimi, mwenzangu wa fizi na daktari wa meno atakayemhudumia binti baada yetu. Mezani palikuwa na njia tatu.

Kuendelea tulikuondoa mapema. Hata kama tungefika, tungefika na chonge yenye ufizi ulioporomoka na gego dogo lenye mizizi mifupi.

Njia ya pili ilikuwa kung'oa gego dogo la kwanza na kuileta chonge kwenye nafasi yake. Kwa mtoto mwenye meno yaliyosongamana, anayehitaji kung'olewa hata hivyo, ningeichagua bila kusita. Humaliza tatizo zima kwa pigo moja. Lakini binti huyu hakuwa na msongamano. Kung'oa jino moja upande mmoja kungehamisha mstari wa katikati ya meno yake, na kung'oa upande wa pili ili kusawazisha kungekuwa kuondoa jino zima lisilo na kosa. Midomo yake pia haikuwa na cha kurudishwa ndani.

Ya tatu ilikuwa kuukubali mpangilio kama ulivyo: gego dogo likae mahali pa chonge, chonge ikae mahali pa gego dogo, kisha tuyapambe yafanane na majukumu mapya. Hiyo ndiyo tuliyoichagua.

Kabla ya lolote tulisimamisha nguvu zote kwa miezi mitatu. Mzizi unaolika ukipumzishwa huanza kujifunika upya, ijapokuwa urefu uliopotea haurudi. Waya ilibaki mdomoni bila kuvuta kitu.

Mazungumzo na mama yalikuwa magumu kuliko kazi yenyewe. Nilimwonyesha picha zote mbili, ya kwanza na ya pande tatu, nikamwambia kwamba ya kwanza tuliisoma vibaya, na kwamba ya pili ilipaswa kupigwa kabla ya kuanza. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu atakaa na chonge nyuma ya gego maisha yake yote?" Nikamjibu ndiyo. Sikuona namna ya kulipunguza hilo makali, na sidhani ilifaa kulipunguza.

Tulichofanya ni kumtengenezea mfano wa plasta wa meno yake na kuyachonga na kuyajenga kwa nta yaonekane kama yatakavyokuwa. Binti aliugeuzageuza mkononi, akautazama kutoka mbele kama mtu anayemtazama mwenzake akicheka, akasema, "Kama nikicheka haionekani, mimi sina neno." Mama alihitaji wiki mbili zaidi. Tulimpa.

Kazi ya kumalizia

Hapa ndipo ustadi ulipohitajika zaidi, na ndipo maandishi mengi hupita haraka.

Kwa upana, gego dogo la kwanza na chonge ya juu hukaribiana sana: kwa wastani gego dogo ni milimita 7, chonge 7.5. Ugumu uko kwenye umbo na kwenye mstari wa ufizi. Gego dogo lina vinundu viwili, cha nje na cha ndani, na kile cha ndani hujitokeza mtu akifungua mdomo. Tena ufizi wake kwa kawaida huishia chini kidogo kuliko wa chonge, hivyo jino linaonekana fupi.

Tulilizungusha gego dogo kidogo kwenye mhimili wake ili uso wa nje uonekane mpana na kinundu cha ndani kijifiche nyuma yake. Kinundu hicho kilisagwa kwa awamu nne, wiki kadhaa kati ya moja na nyingine, na kila mara kupakwa floridi, ili sehemu hai ya ndani ipate muda wa kujikinga na jino lisipate ganzi kali kila linapokutana na maji baridi. Kisha gego dogo lilisukumwa juu polepole kwa nguvu ndogo sana, ufizi ukapanda nalo, na ncha iliyopungua chini ikajazwa kwa kompoziti, yaani kijazio chenye rangi ya jino, ikapewa umbo la chonge. Kwa mzizi uliokwisha kulika tulikwenda taratibu kuliko kawaida, na kila miezi mitatu tulipiga eksirei ndogo kuhakikisha haupungui zaidi.

Chonge ilifanyiwa kinyume chake. Ilishushwa kidogo ili ufizi wake usiwe juu kuliko wa majirani, ncha yake ikasagwa kuwa butu, na mzizi wake ukaelekezwa ndani ili urudi chini ya mfupa. La 2 lililo dogo lilijengwa kwa kompoziti lilingane na la kulia.

Jambo moja la utendaji: kwa kawaida taya la chini likienda pembeni wakati wa kutafuna, chonge ndiyo hubeba mzigo na kuyatenganisha magego. Gego dogo halina mzizi wa kubeba kazi hiyo peke yake. Tulihakikisha mzigo unagawanywa kwa meno kadhaa ya upande ule, tukiangalia kila ziara kwa karatasi ya rangi inayoacha alama meno yanapogusana, mpaka alama zikatawanyika.

Matokeo

Matibabu yalichukua miezi 29, na karibu 8 kati ya hiyo ni ya njia ya kwanza na mapumziko yake. Kwa mbele tabasamu limelingana. Ukimtazama kwa ubavu na unajua unachokitafuta, utaiona chonge ikiwa na rangi nzito kidogo kuliko majirani zake, maana ndivyo rangi ya chonge ilivyo. Ufizi wa chonge ulishuka sehemu tu. Milimita 1 ya shingo ya jino bado iko wazi. Mzizi wa ndani wa gego dogo umebaki mfupi, lakini picha ya mwaka mmoja baadaye haikuonyesha upungufu mpya na jino halitikisiki. Ana waya mwembamba uliobandikwa nyuma ya meno ya mbele na kishikizi cha kuvaa usiku, ili meno yasirudi yalikotoka.

Mwezi wa kumi baada ya kumaliza, kompoziti ya gego dogo ilivunjika pembeni akila. Ilirekebishwa kwa kikao kimoja. Mama alishangaa kwamba inaweza kuvunjika, na mshangao ule ulikuwa haki yake: hatukumweleza vya kutosha kwamba mapambo haya yanahitaji kutengenezwa tena na tena kwa miaka.

Uchambuzi

Kosa letu la kwanza lilikuwa kukisoma kichwa cha jino mahali pa mzizi. Binti alikuja na chonge inayoonekana, na jicho hufuata kinachoonekana. Uamuzi wa kurudisha au kuacha umo kwenye ncha za mizizi na kwenye upana wa mfupa, na vyote viwili havionekani mdomoni wala kwenye picha bapa. Dozi ya mionzi ya picha ya pande tatu ya eneo dogo ni jambo la kupima, hasa kwa mtoto, na siungi mkono kuipiga kwa kila anayekuja kupanga meno. Lakini hapa jibu lake lilikuwa linaamua njia ya miaka miwili. Tulimwepusha na picha moja, kisha tukampiga hiyohiyo pamoja na eksirei ndogo kadhaa za kufuatilia madhara.

Kosa la pili ni la nguvu. Jino linapoacha kusogea, mfupa au mzizi umezuia. Nilipoongeza nguvu mwezi wa nne niliuchukulia ukimya wa jino kama uvivu wake. Nikipata mwezi mmoja bila mwendo sasa, natafuta kizuizi kwanza.

Lililofanya kazi ni kusimama. Madaktari wengi tuna mkono mzito wa kuachia mpango tulioubuni wenyewe, na miezi mitano iliyokwisha kutumika huonekana kama deni linalodai kuendelezwa. Kumweleza mama kosa waziwazi, kwa picha mbili mezani, ndiko kulikomfanya abaki nasi. Angeweza kuondoka, na ningemwelewa.

Je, kurudisha mpangilio wa asili ni njia mbaya? Hapana. Ingefaa kama ncha za mizizi zisingepishana, chonge ikiwa bado juu na mfupa mpana. Hesabu hubadilika pia kulingana na meno gani yamebadilishana. Chonge ikibadilishana na la 2 na kukaa kando ya jino la mbele kabisa, kuificha ni kazi ngumu zaidi: ni nene, rangi yake ni nzito, ufizi wake uko juu, na iko katikati ya tabasamu. Hapo nitavumilia hatari zaidi ili kuirudisha, mradi mizizi inaruhusu. Kwenye taya la chini, la 2 na chonge zikishabadilishana kikamilifu, mfupa ni mwembamba mno na mara nyingi busara ni kuziacha. Lakini zikigunduliwa mapema, la 2 likiwa limeanza tu kuinama kuelekea nyuma, huweza kurejeshwa kwa kazi ndogo.

Mapema ndiko penye uzito kuliko yote niliyoyaandika hapa. Chonge ya juu huanza safari yake juu sana, karibu na pua, na kwa kawaida ukipapasa ufizi wa mtoto wa miaka 9 au 10 utauhisi uvimbe wake juu ya chonge ya utotoni. Binti huyu alikuwa amekwisha kuonwa na madaktari wa meno mara kadhaa kwa ajili ya kuziba matundu, na kwenye karatasi zake hakuna palipoandikwa kwamba mtu alipapasa. Upande mmoja ukiwa na uvimbe na wa pili hauna, au uvimbe ukiwa nyuma ya mahali pake, eksirei moja wakati ule ingeonyesha chonge ikielekea kusiko. Huenda kung'oa ile ya utotoni na kuitunza nafasi kungetosha. Huenda kusingetosha. Lakini tungekuwa na uchaguzi mpana kuliko tulioupata miaka mitatu baadaye.

Kwa sababu ya urithi tuliomba kuwaona ndugu. Mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Kulia uvimbe wa chonge uko mahali pake. Kushoto nilipapasa mara mbili nikaukuta nyuma kidogo, juu ya gego la utotoni. Eksirei inaonyesha chonge imeinama, lakini ncha yake bado iko mbele ya gego dogo. Chonge zake mbili za utotoni zimeng'olewa, upau wa kuitunza nafasi umewekwa, na atapigwa picha nyingine baada ya miezi sita. Safari hii mama yake ndiye aliyeuliza, kabla sijafungua mdomo, mzizi uko wapi.